Kwa nini jumba moja la maduka hudumu karne nzima na jingine hufungwa kabla ya miaka ishirini

Ndugu msomaji,

Umeniuliza mambo mawili kwa mpigo. Kwanza, je, ni kweli kwamba majumba makubwa ya maduka yalibuniwa Marekani kwa ajili ya watu wenye magari wanaoishi nje ya mji? Pili, kama ndivyo, imekuwaje yakaja kujengwa katikati ya miji, na mbona baadhi yamedumu na mengine yamefungwa yakiwa bado mapya? Umesema unasomea mipango miji na kwamba kila unachosoma kinagusa upande mmoja tu. Nitayajibu pamoja, kwa sababu la pili halijibiki bila la kwanza.

La kwanza jibu lake ni hapana. Vitabu vingi huanza hadithi mwaka 1956, lilipofunguliwa jumba la Southdale huko Marekani, lakini jumba la maduka lilizaliwa mjini, kwa ajili ya watembea kwa miguu, na lilikuwa limetimiza zaidi ya miaka themanini magari ya kwanza yalipoanza kuuzwa.

Mwishoni mwa karne ya 18, kutembea katika mitaa ya Paris kulikuwa adha. Njia za pembeni za waenda kwa miguu zilikuwa chache mno, maji machafu yalitiririka katikati ya barabara, na magari ya farasi yalikurushia matope yasipokugonga kabisa. Wenye viwanja wakaona fursa. Walitoboa vichochoro kati ya majengo yao, kutoka mtaa mmoja hadi wa pili, wakaviezeka kwa vioo na kupanga maduka madogo kulia na kushoto. Passage des Panoramas, iliyofunguliwa mwaka 1800 na ambayo bado ipo, ni mojawapo ya vile vya mwanzo. Mwaka 1817 ilikuwa miongoni mwa mahali pa kwanza mjini humo kujaribiwa taa za gesi. Angalia namna biashara ile ilivyofanya kazi. Watu wengi hawakuingia mle kwa nia ya kununua. Walikuwa na safari zao, wakachagua njia kavu, fupi na yenye mwanga, na njiani macho yao yakakutana na glavu, vitabu na peremende nyuma ya vioo. Mwenye duka hakuwa na haja ya kumwita mteja. Mji wenyewe ulimletea.

London ikafuata mwaka 1819 kwa Burlington Arcade. Inasimuliwa kwamba mwenye kiwanja, Lord George Cavendish, alichoshwa na wapita njia waliokuwa wakitupa maganda ya chaza ndani ya bustani yake, akaona heri ukingo ule wa bustani augeuze kuwa maduka. Ni njia ya karibu mita 180, yenye walinzi wake tangu mwanzo na sheria zake: marufuku kukimbia, marufuku kupiga mluzi. Wakumbuke walinzi hao, nitawarudia.

Kilele cha majengo ya aina hii, kwangu mimi, ni Galleria Vittorio Emanuele II ya Milan. Giuseppe Mengoni aliichora kama msalaba wa barabara mbili zilizoezekwa kwa chuma na vioo, na pale zinapokutana akaweka kuba kubwa. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1865, watu wakaanza kuitumia 1867, na tarehe 30 Desemba 1877, siku chache kabla kazi haijakamilika, Mengoni alianguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi akafa. Ukiingia ndani utajua mara moja kwa nini jengo lile halijapata kuzeeka: mkono mmoja unatokea kwenye uwanja wa kanisa kuu, Duomo, na mwingine kwenye uwanja wa jumba la opera la La Scala. Hata kama maduka yote yangefungwa leo, watu wangeendelea kupita, kwa kuwa njia ya kutoka huku kwenda kule ni ile. Na kuna jambo wengi hawalijui: mwenye jengo ni serikali ya jiji la Milan. Wenye maduka ni wapangaji, na kodi ya pango huingia kwenye hazina ya jiji. Wakati jumba la kawaida hupigwa mnada mwenyewe akifilisika, lile limepita vita vikuu viwili likiwa mikononi mwa mmiliki yuleyule.

Vile vichochoro vya Paris vyenyewe havikuwa na bahati hiyo. Kuanzia mwaka 1853 Georges-Eugène Haussmann alibomoa mitaa ya kale, akafungua barabara pana zenye njia safi za waenda kwa miguu, miti na taa. Vingi vilibomolewa, na vilivyosalia vikapoteza wapita njia, kwa sababu sasa hata nje palikuwa pakavu na penye mwanga. Leo vimebaki kama ishirini hivi. Wakati huohuo maduka makuu, yaani maduka makubwa yanayouza bidhaa za kila aina chini ya mwenye duka mmoja, kama Le Bon Marché, lililokuzwa na Aristide Boucicaut tangu 1852, yaliwafundisha watu kuingia dukani bila kulazimika kununua, na kulipa bei iliyoandikwa bila kupatana. Lifti ya abiria na ngazi za umeme zikaja kupandisha wateja hao ghorofa za juu. Vipande vyote vya jumba la kisasa vilikuwa vimeshapatikana, na vyote mjini.

Halafu likaja gari.

Mwaka 1923 J. C. Nichols alifungua Country Club Plaza, Kansas City, kituo cha maduka kilichopangwa tangu awali kwa wateja watakaokuja wakiendesha. Ila mtu aliyelipa jumba la maduka umbo unalolijua wewe alikuwa Myahudi wa Vienna, Victor Gruen. Alizaliwa 1903 kwa jina la Viktor Grünbaum, akasomea usanifu majengo, akaigiza kwenye kumbi za tamthilia za dhihaka, na mwaka 1938 Wanazi walipoingia Austria akakimbilia New York. Kazi iliyomtoa ilikuwa duka dogo la mikoba, Lederer, kwenye barabara ya Fifth Avenue. Mlango aliurudisha nyuma kutoka barabarani, akaacha mbele yake ukumbi mdogo wenye vioo vya bidhaa pande zote, ili mpita njia ajikute ameshaingia nusu kabla hajaamua kuingia. Ukiuchunguza ukumbi ule, ni kichochoro cha Paris kilichokatwa kipande na kupachikwa New York.

Mwaka 1954 Gruen alimaliza Northland, nje kidogo ya Detroit, kwa ajili ya kampuni ya duka kuu la Hudson's. Tarehe 8 Oktoba 1956 likafunguliwa Southdale, mjini Edina, jimbo la Minnesota. Hili ndilo lililobadilisha mambo: maduka 72 chini ya paa moja, gharama ya dola milioni 20, maegesho ya magari zaidi ya 5,000, na hewa iliyodhibitiwa kwa mashine, kwa kuwa baridi ya Minnesota ni kali na kiangazi chake nacho kina joto la kuchosha. Gruen aliweka ghorofa mbili zinazotazamana badala ya safu moja ndefu, na maegesho akayapanga kwa viwango viwili, ili anayeegesha juu aingie ghorofa ya juu na anayeegesha chini aingie ya chini. Hivyo hakuna ghorofa iliyokuwa ya pili kwa hadhi wala kwa kodi. Katikati paliwekwa bustani ya ndani yenye miti, maji na tundu kubwa la ndege. Na maduka makuu mawili yaliyokuwa mahasimu kibiashara, Dayton's na Donaldson's, yaliwekwa chini ya paa moja, jambo ambalo wafanyabiashara wengi wa wakati ule wangeliona ni wazimu.

Hapa lazima nimtetee Gruen, kwani hulaumiwa kwa kosa ambalo si lake lote. Mpango wake haukuwa jumba peke yake. Alichora pia nyumba za kuishi, shule, zahanati, bustani na ziwa kulizunguka, kwa sababu alitaka kuwapa watu wa vitongoji vile uwanja wa kukutana kama aliouacha Vienna. Waliomlipa walijenga sehemu yenye faida na kuuza viwanja vilivyobaki kwa bei iliyopandishwa na jumba lenyewe. Alirudi Ulaya uzeeni, na mwaka 1976 jumba la aina hiyohiyo, Shopping City Süd, likafunguliwa karibu na Vienna yake. Katika hotuba aliyotoa London mwaka 1978 alikataa katakata kuitwa baba wa majengo yale. Alifariki mwaka 1980.

Nimekutana na maelezo mengi yanayosema watu walihama mji kwa sababu walipenda magari na nyasi. Sehemu ya kweli imo, lakini hesabu za fedha zina uzito zaidi. Mwaka 1954 sheria ya kodi ya Marekani iliruhusu mwenye jengo jipya la biashara kukata kwenye mapato yake kiasi kikubwa cha uchakavu katika miaka ya mwanzo, hata kama jengo halijachakaa hata kidogo. Mtu mwenye mapato makubwa aliweza kujenga jumba, akaonyesha hasara kwenye vitabu, akapunguziwa kodi, kisha akaliuza na kujenga jingine. Nafuu kubwa ilikuwa kwa jengo jipya; kukarabati la zamani katikati ya mji hakukulipa vivyo hivyo. Miaka miwili baadaye serikali ikaidhinisha ujenzi wa barabara kuu za maili 41,000, takriban kilomita 66,000. Mtu yeyote mwenye mtaji angeona pa kwenda.

Utaratibu wa ndani nao unafaa uufahamu, maana ndio unaoeleza vifo vya baadaye. Jumba husimama juu ya maduka makuu mawili au matatu yanayowekwa kwenye ncha. Hayo hulipa kodi ndogo sana kwa kila mita ya mraba, na mengine hupewa jengo karibu bure, kwa kuwa ndiyo yanayovuta watu. Faida ya mwenye jumba hutoka kwa maduka madogo yaliyopangwa katikati, ambayo hulipa kodi ya juu ili yaonwe na watu wanaotembea kutoka ncha moja hadi nyingine. Mikataba ya hayo madogo mara nyingi huwa na kipengele kwamba duka kuu likiondoka, mpangaji ana haki ya kupunguziwa kodi au kuvunja mkataba. Kwa hiyo duka kuu moja likifunga, mapato hushuka hata kabla mpangaji mwingine hajahama, mwenye jumba hupunguza usafi na ulinzi, wateja wanaona, na duka la pili linafunga. Kutoka ncha ya kwanza kuzimwa taa hadi jengo zima kufungwa inaweza kuwa miaka michache tu.

Mji uliopata pigo kwa namna iliyo wazi kuliko yote ni Detroit. Hudson's, kampuni ileile iliyojenga Northland, ilikuwa na duka lake la asili katikati ya jiji, jengo lililohesabiwa kuwa refu kuliko maduka makuu yote duniani. Northland ilivuta wateja, kisha wateja wakavuta maduka mengine. Duka la asili likafungwa Januari 1983 na kubomolewa kwa baruti tarehe 24 Oktoba 1998. Northland nayo ikafungwa mwaka 2015. Kampuni ilijenga kitu kilichomaliza nyumba yake ya kwanza, kisha nacho kikamalizwa na majumba mapya yaliyokwenda mbali zaidi.

Sasa tuje kwenye swali lako la pili. Katikati ya miji mingi ya Marekani na Ulaya palikuwa panavuja wateja, na wakuu wa miji walitaka dawa. Gruen mwenyewe alikuwa wa kwanza kuijaribu: mwaka 1962 alimaliza Midtown Plaza, Rochester, jimbo la New York, jumba la kwanza Marekani lililofunikwa na kujengwa katikati ya jiji, lenye ofisi na hoteli juu yake na maegesho ya jiji chini ya ardhi. Wazo lilikuwa zuri, na kwa miaka kadhaa lilijaa watu. Likafungwa mwaka 2008.

Waliomwiga walichukua jumba la vitongojini wakalipandikiza mjini kama lilivyo, na hapo ndipo kosa kubwa lilipofanyika. Jumba la vitongojini huzungukwa na maegesho. Hakuna mtaa wa kulitazama, kwa hiyo kuta zake za nje zinaweza kuwa bubu bila madhara. Ukilipeleka mjini na kuta zilezile, unaua mitaa minne kwa wakati mmoja. Anayetembea nje hukuta matofali matupu, milango ya malori na matundu ya kutolea joto. Duka lililo ng'ambo ya barabara linapoteza wapita njia wake. Baada ya muda mtaa unaogopwa, na watu wanaingia jumbani kwa gari kupitia maegesho, wanatoka kwa gari, na mji ulio nje hawauoni kabisa. Halafu anayekuja kwa gari akifunguliwa jumba jipya zaidi lenye maegesho ya bure karibu na kwake, ana sababu gani ya kuendelea kuja?

Columbus, Ohio, inafaa kuangaliwa kwa karibu. Jumba la Columbus City Center lilifunguliwa mwaka 1989 na jiji lilishangilia. Lilikuwa na ghorofa tatu, maduka ya hadhi, na daraja la juu la kulivusha hadi duka kuu la Lazarus lililokuwa ng'ambo ya barabara, ili mteja asikanyage barabara yenyewe. Kwa nje lilikuwa limejifunga. Mwaka 1997 likafunguliwa jumba la Tuttle Crossing pembezoni mwa jiji, 1999 likaja Easton, 2001 likaja Polaris. Lazarus ilifunga 2004. Mwaka 2009 jumba lenyewe likafungwa, halijatimiza hata miaka ishirini, likabomolewa, na mwaka 2011 mahali pake pakafunguliwa bustani ya umma, Columbus Commons. Ona kwamba bustani hiyo haina kasoro iliyoliua jumba: ni mahali pa kupita na kukaa, na kuta bubu zimeondoka.

Birmingham, Uingereza, walikosea kwa njia nyingine. Eneo la Bull Ring lilikuwa na soko tangu karne ya 12. Mwaka 1964 walijenga pale jumba la kisasa, lakini walilizungushia barabara ya magari ya kasi, na anayekwenda kwa miguu alilazimika kupita kwenye mahandaki chini ya barabara. Watu hawakuyapenda mahandaki yale, na ni haki yao. Jumba likadhoofika, likabomolewa, na mwaka 2003 likafunguliwa jipya. Watu husifia jengo la Selfridges lililofunikwa visahani 15,000 vya alumini, na kweli linapendeza. Mimi naona kazi kubwa zaidi ilifanywa kwenye barabara: walivunja ule ukanda wa magari na kurudisha njia ya wazi ya kushuka kutoka mjini hadi kanisa la St Martin, ikipita katikati ya maduka.

San Diego ni mfano unaoniuma. Jon Jerde alibuni Horton Plaza, lililofunguliwa mwaka 1985, jengo la rangi nyingi, madaraja na ngazi zinazokupeleka usipopatarajia, kwenye eneo la zaidi ya vitalu sita vya jiji. Ndani palikuwa na furaha ya kweli, na wasanifu walikuja kutoka mbali kuliona. Lakini uzuri ule wote ulitazama ndani. Maduka makuu yalipoondoka, hakuna kilichokuwa kinamlazimisha mtu apite pale akielekea kwingine, na baada ya mwaka 2018 wenye jengo wapya walianza kulibomoabomoa na kulifanya la ofisi.

Yaliyofaulu je? Toronto Eaton Centre, lililofunguliwa mwaka 1977, lina ukumbi mrefu wa vioo aliouchora Eberhard Zeidler akiwa na Galleria ya Milan akilini. Kilicholiokoa ni mahali lilipokaa: ncha moja iko kwenye stesheni ya treni za chini ya ardhi ya Queen na nyingine kwenye stesheni inayofuata. Ukishuka huku ukapandie kule, umepita jumba zima bila hata kuamua, na wakati wa baridi ya Canada hilo si jambo dogo. Mpango wa awali wa miaka ya 1960 ulitaka kubomoa ukumbi wa zamani wa jiji na kanisa la Holy Trinity. Wananchi waligoma, na majengo hayo yapo mpaka leo. Upande wa mtaa wa Yonge mwanzoni nao ulikuwa ukuta mkubwa uliolalamikiwa miaka mingi, hadi ukafunguliwa kwa maduka yanayotazama nje. Juu ya ukumbi wananing'inia bata bukini wa msanii Michael Snow wakiwa kama wanaruka. Krismasi moja wasimamizi waliwafunga utepe mwekundu shingoni. Snow akaenda mahakamani mwaka 1982 akisema kazi yake imeharibiwa maana, na akashinda. Tepe zikatolewa.

Paris yenyewe inatoa somo gumu zaidi. Soko la chakula la Les Halles lilihamishiwa Rungis mwaka 1969, na kuanzia 1971 mabanda ya chuma ya Victor Baltard yalibomolewa, hasara ambayo Paris haijaacha kuililia. Palibaki shimo kubwa. Ndani yake wakajenga stesheni ya treni za mikoani, Châtelet–Les Halles, iliyofunguliwa 1977, na juu yake jumba lililozama chini ya ardhi, Forum des Halles, mwaka 1979. Watu wachache waliupenda usanifu wake, na sehemu za juu zikaja kuondolewa na kuwekewa paa jipya lililozinduliwa mwaka 2016. Lakini kibiashara halikufa hata siku moja, kwa kuwa mamia ya maelfu ya abiria hupita pale kila siku. Hapo una jengo lisilopendeza lililoishi, na Horton Plaza lililopendeza likafa.

Miji ya Asia ilielewa jambo hili mapema. Huko Osaka, Ichizo Kobayashi aliyekuwa na kampuni ya reli ya Hankyu alifungua duka kuu ndani ya kituo chake cha Umeda mwaka 1929: abiria ni wake, nyumba wanazoishi kandokando ya reli amewajengea yeye, na duka wanalopitia ni lake. Hong Kong wakaufanya utaratibu huo kuwa sera. Kampuni ya reli hupewa haki ya kujenga juu ya stesheni, ikilipia ardhi kwa thamani ya kabla ya reli kufika, na faida ya nyumba na maduka husaidia kulipia reli. Singapore nayo ilijenga People's Park Complex, lililokamilika mwaka 1973: maduka chini, nyumba za kuishi juu, ghorofa 31 kwa jumla, na katikati ukumbi mkubwa ambao wabunifu wake waliukusudia uwe sebule ya mji. Wakazi wanashuka kwa lifti na tayari wako sokoni. Kile alichokitaka Gruen kule Edina, maduka na makazi pamoja, kilipatikana huku.

Majumba ya wima, yaani ya ghorofa nyingi, yana shida yake ya ziada. Kila ghorofa unayopanda, wateja wanapungua. Water Tower Place ya Chicago, iliyofunguliwa mwaka 1975 na maduka juu ya maduka ndani ya jengo refu, ilitumia lifti za vioo ili kupanda kuwe burudani. Wengine huweka sinema na vyakula juu kabisa, ili anayepanda kula ashuke akipitia maduka, au, kama Langham Place ya Hong Kong, hujenga ngazi ndefu za umeme zinazokupeleka ghorofa kadhaa kwa mkupuo. Ni mbinu nzuri, ila huongeza gharama, na hufaa tu pale ambapo ardhi ni ghali kupindukia na chini kuna umati usioisha.

Ununuzi wa mtandaoni nimeuacha makusudi hadi hapa. Umeyaumiza maduka makuu vibaya, na kwa hiyo umezipiga zile ncha zinazobeba jumba. Lakini City Center ya Columbus na Bull Ring ya kwanza zilikuwa zimeshadhoofika kabla watu hawajazoea kununua viatu kwa simu. Intaneti imeharakisha vifo vya majumba yaliyokuwa tayari na ugonjwa. Baadhi yamepata maisha mengine: huko Burlington, Vermont, shule ya sekondari ilihamia mwaka 2021 ndani ya lililokuwa duka la Macy's katikati ya mji, na wanafunzi wakawa wanapanda madarasani kwa ngazi za umeme. Arcade ya Providence, Rhode Island, ya mwaka 1828, leo ina vyumba vidogo vya kuishi ghorofa za juu na maduka chini, nayo bado inaunganisha mitaa miwili.

Sasa wale walinzi wa Burlington Arcade. Njia ikiwa ndani ya jengo la mtu, nani mwenye amri juu ya anayepita? Mahakama ya Juu ya Marekani imeyumba katika hili. Mwaka 1968 iliwalinda wafanyakazi waliokuwa wakiandamana ndani ya eneo la jumba la maduka. Mwaka 1972, katika kesi ya Lloyd Center ya Portland, ikawapa wenye mali haki ya kuwatoa waliokuwa wakigawa vipeperushi vya kupinga vita. Mwaka 1980, katika kesi ya PruneYard, iliamua kwamba jimbo la California linaweza kuwalinda wanafunzi waliokuwa wakikusanya saini ndani ya jumba la mtu binafsi. Kwa hiyo mji ukiruhusu mitaa yake ya kati iingie chini ya paa la kampuni, umetoa kitu kikubwa kuliko ardhi. Liverpool One, iliyofunguliwa mwaka 2008, ilijengwa kama mitaa ya wazi isiyo na paa, unaweza kuivuka usijue umeingia eneo la maduka, na bado ilikuwa na mjadala huohuo, kwa kuwa mitaa hiyo iko chini ya mkataba wa mwekezaji.

Umesema mwakani utafanya mazoezi ya kazi katika ofisi ya mipango. Ukipewa michoro ya jumba la maduka, usianze na picha za rangi zenye watu wanaotabasamu. Fungua mchoro wa ghorofa ya chini, uhesabu milango inayofunguka mtaani, si ile ya kutoka maegesho. Fuata kwa kidole njia ya ndani uone inaanzia wapi na inatokea wapi, na ujiulize kama kuna mtu angeipita hata asipokuwa na fedha mfukoni. Uliza njia hiyo itafungwa saa ngapi usiku, na kama haki ya kupita imeandikwa kwenye hati ya kiwanja au ni hisani ya mwenye jengo. Tafuta malori yatashushia mizigo mtaa upi, kwa kuwa mtaa huo ndio utakaokufa kwanza. Angalia kama duka kuu likiondoka nafasi yake inaweza kugawanywa kuwa shule, kliniki au nyumba, yaani kama ina madirisha, au ni sanduku lisiloingia jua. Na kama michoro yote imekatwa kwenye mpaka wa kiwanja, haionyeshi kilichopo ng'ambo ya barabara, irudishe na uombe mingine kabla hujaandika maoni yoyote.